Nani alijenga? Stima, bandari na matuta ya mto Nzoia

Wadau, kila kura ikikaribia, na siku hizi hata ikiwa mbali, kuna vita moja ambayo lazima irudi hapa. Mtu anaweka picha ya bwawa, ama transfoma ya kijijini kwao, ama kreni za bandarini, halafu anaandika: "Hii ni yetu. Nyinyi mlijenga nini?" Dakika kumi hazijaisha, watu wa upande ule mwingine wamefika na picha ya utepe ukikatwa, tarehe juu. Matusi yanafuata. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakiblokiana kwa sababu ya gati ambalo hakuna hata mmoja wao amewahi kuliona.

Mimi si injinia. Nafunza historia shule ya upili, na nilizaliwa Bunyala, kaunti ya Busia, chini ya matuta ya mto Nzoia. Kwa hivyo swali la nani alijenga nini, na nani aliacha kibomoke, kwangu si la mchezo. Leo sitaji chama wala mwanasiasa. Nikisema "serikali" namaanisha iliyokuwa ofisini mwaka huo, yoyote ile. Mkitaka kujaza majina, jazeni wenyewe, lakini nadhani mtaona hayasaidii sana.

Tuanze na stima, kwa sababu hapo ndipo kelele huwa nyingi.

Stima ya kuuziwa umma ilianza hapa mwaka 1908, Mombasa na Nairobi, kila mji na kampuni yake. Mwaka 1922 hizo mbili zikaungana. Zilikuwa biashara, na waya zilipelekwa palipokuwa na mtu wa kulipa. Mitaa ya Waafrika kwa sehemu kubwa ilibaki na koroboi. Hilo nalipita haraka, lakini mlishike: ramani yetu ya kwanza ya stima ilichorwa kwa kuangalia nani atalipa bili, si wapi watu wanaishi, na tulichukua miaka mingi sana kuifuta.

Miaka ya 1950 mahitaji yalipanda, na serikali ya kikoloni ikageukia Uganda, ambako bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka huo huo ikaundwa kampuni ya kushughulikia laini kubwa ya kutoka Tororo hadi Nairobi. Yaani Kenya iliingia Uhuru ikitumia stima ya jirani. Nasema hivi kwa sababu tangu laini ya Ethiopia iwashwe mwaka 2022, kuna watu humu wanaandika kana kwamba kununua stima nje ni aibu mpya iliyoletwa na fulani. Si mpya. Tumenunua tangu babu zetu wakiwa vijana.

Baada ya Uhuru ndipo tukaingia mto Tana. Kindaruma ilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Miaka 20, vituo vitano, mto mmoja. Sasa niambie, "nani alijenga" hapo ni nani? Kampuni ya umma ya kuendeleza Tana iliundwa 1964. Ujenzi ulivuka kutoka utawala mmoja hadi mwingine. Kuna waliochora ramani wakastaafu kabla maji hayajajaa, na kuna waliokata utepe wa kitu ambacho walikikuta kimefika kwenye rangi.

Na angalieni hiyo orodha tena. Ukifuata maji yanavyoteremka, mpangilio ni mwingine kabisa: Masinga iko juu, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Yaani tulijenga vituo vitatu vya chini kabla hatujajenga tangi la juu la kuvilisha. Masinga ndiyo hilo tangi. Ilijengwa ibebe zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5 za maji, lakini yenyewe inatoa megawati 40 tu, wakati Gitaru, ambayo bwawa lake ni dogo sana, inatoa 225. Watu huona hiyo 40 wakasema Masinga ilikuwa hasara. Hapana. Masinga inaweka akiba ya masika ili wale wengine wale wakati wa kiangazi.

Olkaria nayo ni hivyo hivyo. Leo mvuke wa chini ya ardhi unatupa karibu nusu ya stima ya nchi, na kila upande unadai ndio uliouleta. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, na serikali ambayo haikuwa na haja ya kura yako. Havikufanya vizuri, vikaachwa. Kazi ikarudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza, megawati 15, ukawaka 1981. Ni miaka 25 kutoka kisima hadi balbu. Ule upanuzi mkubwa wa megawati 280 ukaja 2014, ukisimama juu ya visima, barabara na mafundi waliokuwa wamekusanywa kwa miongo mitatu. Aliyezindua hakudanganya, mtambo ulikuwa pale. Lakini ukisema "alijenga" umewafuta watu wengi sana kwa neno moja.

Sasa upande usiopigwa picha.

Mwaka 1999 na 2000 mvua zilikataa. Masinga ikashuka, na kwa sababu tulikuwa tumeweka mayai karibu yote kwenye Tana, nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa stima. Viwanda vilifunga, vinyozi wakarudi kwenye makasi, watu wa mjini wakala hasara ya friji. Mimi nilikuwa mtoto Bunyala, na nawaambia ukweli, hatukuona mgao wowote. Hatukuwa na stima ya kugawiwa. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alisikia habari kwenye redio ya betri akauliza, "Kwani wao walikuwa nayo siku zote?"

Hakuwa peke yake. Watu wa Mbeere, Masinga na upande wa Kitui waliishi miaka mingi wakitazama nyaya kubwa zikipita juu ya nyumba zao kuelekea Nairobi, na jioni wanawasha taa ya mafuta. Mpango wa kupeleka stima mashambani ulianza 1973. Lakini sensa ya 2009, miaka 36 baadaye, ilikuta asilimia 23 hivi tu ya nyumba ndizo zinatumia stima kwa mwanga. Sensa ya 2019 ikakuta zaidi ya asilimia 50. Hapo katikati kuna kazi kubwa ilifanyika, tuseme haki. Transfoma zililetwa karibu na shule na masoko, na kuanzia 2015 ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Wale mnaosema hiyo ni kampeni tu, nendeni mkamuulize mama aliyekuwa akisagisha mahindi kilomita saba.

Lakini mlingoti ukishasimama hadithi haijaisha. Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, hadi uwanja mkuu wa ndege ukakaa giza. Siku hiyo nchi ilikuwa na mitambo. Kilichokosekana ni vile vitu vya katikati ambavyo havina sherehe: laini, vituo vya kupoozea, vipuri, jenereta ya akiba inayowaka unapoihitaji. Mfano mkubwa zaidi ni upepo wa Loiyangalani. Milingoti 365, megawati 310, ilikuwa imesimama tayari 2017. Laini ya kilomita 428 hadi Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Mkataba ulisema mwenye mtambo alipwe hata kama waya haujafika. Mabilioni yakaenda kwa upepo ambao haukuwasha hata balbu moja.

Turudi kwenye ule ukame kidogo, kwa sababu ndio unaotupeleka Mombasa. Tana ikikauka, nchi inakimbilia dizeli. Ilifanyika 2000, jenereta za dharura zikakodiwa. Ilifanyika tena 2009, wakati maji yalishuka hadi Masinga ikazimwa kabisa. Na mafuta yanaingilia wapi? Kilindini. Pale Kipevu, ukingoni mwa bandari, palijengwa mitambo ya mafuta iliyoanza 1999, 2001 na 2011. Ndiyo maana kwenye tokeni yako kuna kiasi kinakatwa kwa ajili ya gharama ya mafuta. Mvua ikikosa Nyandarua, meli ikishusha mafuta Mombasa, wewe wa Kakamega unalipa. Vitu hivi havikai kwenye wizara tofauti kama tunavyodhani.

Bandari yenyewe sasa. Jina Kilindini linatokana na kilindi, maji ya kina, na hicho kina hakikujengwa na mtu. Majahazi ya msimu yalikuwa na bandari yao ya kale upande ule mwingine wa kisiwa. Reli ilipoanza 1896, meli za vyuma na mataruma zikahitaji maji marefu, zikaja Kilindini, na magati ya meli kubwa yakajengwa miaka ya 1920. Kodi ya Mwafrika ilikuwa ndani ya hayo magati, na mgongo wake pia. Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 wa Mombasa, makuli wa bandari wakiwa mstari wa mbele, waliweka chini kazi, na mji ukasimama. Mjomba wa baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisema alibeba Kenya yote kwa bega la kulia, la kushoto alimwekea mke wake.

Baada ya hapo bandari ikawa ya Afrika Mashariki nzima, chini ya shirika moja, hadi Jumuiya ilipovunjika 1977. Mwaka 1978 tukaunda mamlaka yetu. Makontena yakaja, magunia yakaisha, na makuli wengi wakaisha nayo. Kituo kipya cha makontena kilichojengwa kwa mkopo wa Japani kilifunguliwa awamu ya kwanza 2016, uwezo wa makontena 550,000 kwa mwaka, na awamu ya pili 2022. Ukitaka kubishana ni nani alijenga hicho, utabishana na miaka mingi ya mazungumzo ya mkopo.

Lakini kelele kubwa ya bandari haikuwa juu ya gati. Ilikuwa juu ya karatasi. Mwaka 2014, wakati mkopo wa China wa reli mpya unasainiwa, kulikuwa na mkataba mwingine ambao bandari ilikubali kuihakikishia reli shehena ya kutosha. Watu wachache sana waliujua. Reli ikaanza kubeba abiria 2017 na mizigo ikafuata. Halafu 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yapande reli, mwenye mzigo apende asipende. Mombasa ikaamka. Madereva wa malori, makanika wa Mariakani, mama wa chapati wa Changamwe, mawakala, wote waliona riziki ikipanda gari moshi kwenda Nairobi. Waliandamana wiki baada ya wiki, na mwezi wa kumi amri ikasimamishwa.

Watu wa bara wengi humu waliandika wakati ule kwamba Mombasa inakataa maendeleo. Mimi nilisoma tofauti. Kama shehena ilikuwa imeahidiwa kwenye mkataba miaka mitano nyuma, basi ile amri haikuwa wazo la ghafla la mtu mmoja, ilikuwa deni likidai lake. Na lile swali la "je, bandari imewekwa rehani?" lililolipuka Desemba 2018, serikali ikakana, lingekuwa swali la dakika mbili kama mikataba ingewekwa mezani tangu mwanzo. Tulikuwa tunabishana gizani, kila mtu ameshika kipande cha ndovu.

Lamu nayo. Wazo la bandari ya pili huko ni la miaka ya 1970. Jiwe la msingi likawekwa Machi 2012, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati, wavuvi walienda mahakamani. Mfereji wa meli ulipochimbwa, matope yakatanda kwenye miamba na mikoko waliyokuwa wakivua, na hakuna mtu alikuwa amekaa nao vizuri kuwauliza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikawapa haki, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Kesi ikaenda rufaa, maana kushinda na kulipwa ni safari mbili. Lakini naipenda ile hukumu kwa sababu moja. Ilisema gharama ya bandari si saruji peke yake. Mvuvi aliyepoteza mahali pa kutega dema ni sehemu ya gharama, aandikwe kwenye hesabu.

Wapokomo wa chini ya Tana hawakuandikwa. Kabla ya Masinga, mto ulifurika kwa msimu, ukaacha tope, na wao wakapanda mpunga na ndizi kwenye tope hilo maji yakiondoka. Waorma nao walileta ng'ombe kwenye nyasi za delta. Mafuriko yalikuwa kalenda. Bwawa lilipoanza kushika maji ya masika juu kule, mafuriko madogo ya kila mwaka yakapungua, na mashamba yakakauka. Yale makubwa hayakupungua kiasi hicho, kwa sababu bwawa likijaa limejaa. Masinga ikifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari inamwaga, na watu wa Garissa na Tana River wanapewa tangazo wahame. Tumeliona hilo 2018, 2020 na 2024, mwaka ambao barabara ya Garissa na Madogo iligeuka ziwa. Kwa hivyo wamekosa maji yaliyokuwa yakiwalisha, wakabakiwa na yale yanayowabeba. Halafu mtu wa Nairobi anauliza kwa nini hawa watu wanaishi karibu na mto!

Na hapo ndipo mnanigusa, kwa sababu hilo swali tumeulizwa sisi maisha yetu yote.

Nzoia unaanzia Cherang'any na Mlima Elgon, unapita Trans Nzoia, Webuye, Mumias, unachukua udongo wa kila shamba njiani, halafu unafika kwetu. Bunyala ni tambarare kabisa. Maji yakifika hapo yanakosa mteremko, yanatembea kama mzee, na kile yalichobeba wanakiweka chini. Udongo wetu ni mzuri kwa sababu hiyo hiyo inayotufurikisha. Watu hawakukaa pale kwa ujinga.

Baada ya mafuriko ya miaka ya 1960 na 1970, serikali ilijenga matuta ya udongo pande zote mbili za mto, kati ya 1977 na 1984, zaidi ya kilomita 30 ukijumlisha. Wazee wetu walishangilia, na walikuwa na haki. Kwa miaka kadhaa watu walilima hadi ukingoni. Shule zikajengwa, makanisa, maduka. Baba alijenga nyumba ya mabati chini ya tuta, kama mita 400 hivi kutoka mtoni, kwa sababu palikuwa salama.

Tuta la udongo si kama gati la saruji. Ni kama paa la nyasi, ukiliacha misimu miwili linaanza kuvuja. Ng'ombe wanapanda juu kunywa maji, wanachonga njia. Viboko nao wana mapito yao. Watu wanalima mihogo ubavuni, na mimi siwezi kujifanya, sisi tulilima pia. Miti inaota, mizizi inaoza, maji yanapata tundu. Na kibaya zaidi kiko ndani: tope ambalo zamani lilitandazwa tambarare nzima sasa limebanwa katikati ya matuta mawili, kwa hivyo sakafu ya mto inapanda kila mwaka. Ikifika mahali, mto unapita juu ya kichwa chako, na wewe umelala chini yake ukidhani umelindwa. Siku tuta likikatika, maji hayaji polepole kama zamani. Yanaanguka. Na yakishaingia, lile lile tuta linayazuia kurudi mtoni. Yanakaa wiki nyingi.

Lilikatika 2003. Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa usiku, na kitu cha kwanza nilichosikia ni kuku. Baba alinitupa juu ya kitanda, kitanda kikaanza kuelea. Tulitoka kwa mtumbwi wa jirani na kwenda kukaa mahali pekee palipokuwa pakavu, yaani juu ya tuta lenyewe, sehemu ambayo haikukatika. Tulikaa hapo wiki saba chini ya turubai. Shule yetu ilikuwa kambi, kwa hivyo hakukuwa na shule. Ndugu yangu mdogo alikufa kwa kuhara wiki ya nne. Helikopta ilikuja mara mbili na waheshimiwa, tukapewa mahindi na maharagwe, na kila mgeni alisema tatizo la Budalang'i litakuwa historia.

Likakatika 2007. Likakatika 2008 na 2011. Kati ya hapo kulikuwa na miradi, mingine ya pesa za mkopo kutoka nje, na sehemu za matuta zilirekebishwa kweli, nimeziona kwa macho. Mei 2020 ikaja balaa ya namna nyingine. Ziwa Victoria lenyewe lilipanda likavuka rekodi ya 1964, mto ukafika mdomoni ukakuta ziwa limejaa, maji yakarudi nyuma. Tuta lilikatika tena. Hata tuta zuri lingepata taabu mwaka huo.

Sasa mnaniuliza nani alijenga. Nawajibu, naye alijenga vizuri kiasi chake. Swali langu ni nani alikuwa na kazi ya kutembea juu ya lile tuta kila mwezi wa pili, kabla ya masika, akiwa na jembe na daftari. Nimetafuta jibu hilo nikiwa mtu mzima. Nimeenda ofisi moja nikaambiwa ni ya ofisi nyingine, na ile nyingine ikanirudisha ya kwanza. Karani mmoja aliniambia kwa upole kwamba pesa za dharura hupatikana haraka kuliko za matengenezo, kwa hivyo wao husubiri. Hakuwa akitania.

Katiba ya 2010 haijafanya jambo hili kuwa rahisi. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa ulinzi wa maji na usalama wa mabwawa, halafu kushughulikia majanga kukawekwa pande zote mbili, kitaifa na kaunti. Kwa lugha ya kijijini, tuta likiwa zima si wazi sana ni la nani, likivunjika ni la kila mtu. Kwa hivyo mtu akija kuomba kiti cha kaunti akaahidi kumaliza mafuriko ya Nzoia, muulize atatumia kifungu gani na bajeti ipi. Akija wa kiti cha kitaifa, muulize ametenga kiasi gani cha kufyeka na kujaza udongo mwaka ambao hakuna mafuriko. Wakisema watajenga bwawa kubwa juu kule, waulize familia za huko zimekubali kuhama waende wapi, kwa sababu pendekezo la aina hiyo lilishawahi kupata upinzani upande wa Webuye, na wale watu nao wana makaburi ya wazazi wao.

Najua kuna atakayejibu kwamba nalaumu kila serikali ili nisilaumu yake. Sawa, andika. Lakini jaribu kitu kimoja kwanza. Chukua mradi wowote unaoupigania humu, acha mwaka wa uzinduzi, utafute mwaka wa tano baada ya uzinduzi. Angalia kama kulikuwa na bajeti ya matengenezo na kama ilitumika. Ripoti za Mkaguzi Mkuu ziko wazi, zinachosha kusoma, nakubali. Mimi nimezisoma usiku mwingi nikiwa na chai ya rangi, na nimekuta hadithi nyingi za siasa humo kuliko kwenye mikutano yote niliyohudhuria.

Kukhu alikufa 2021. Nyumba yake bado iko, nguzo ya katikati ni ya mvule. Kila mafuriko yakiisha alikuwa anapigilia msumari pale alama ya maji ilipofika. Kuna wa 2003, wa 2007, wa 2011, na wa 2020, huo wa 2020 ukiwa juu ya yote, karibu na kidevu changu. Jumapili iliyopita binamu yangu amenitumia picha ya tuta, karibu na pale tulipokuwa na turubai. Kuna ufa unaanzia juu hadi kwenye nyasi. Ameweka ndala yake kando ili nione upana, na ndala inaingia kwa urefu. Ameniuliza nimpelekee nani hiyo picha. Nimempa namba mbili, moja ya kaunti na moja ya kitaifa. Hadi naandika hii hakuna iliyoshika.